Kila utamu na saa yake: wikendi ya wawili Dar es Salaam

Jumamosi saa nane mchana ndiyo saa mbaya kuliko zote za kutoka kwenda kutembea Dar es Salaam, na ndiyo saa ambayo wengi wetu tunatoka. Asubuhi imeishia kwenye kufua, saluni na usingizi wa kufidia wiki. Jua liko utosini, Barabara ya Bagamoyo imeshikana, na mkifika ufukweni mnakuta bahari imekimbia, imewaachia mwani na vijana wanaocheza chandimu. Mnakula chipsi zilizopoa kwa bei ya wageni, mnarudi mmenuna, halafu mnasema jiji hili halina pa kwenda.

Pa kwenda papo. Kinachokosewa mara nyingi ni saa. Samaki wana saa yao, ufuo una saa yake, Posta ina siku yake, na hata mihogo ya kukaanga ina wakati ambapo mafuta ni mapya na wakati ambapo si ya kuaminiwa. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya wawili, wachumba au waliooana juzi, wenye kipato cha kawaida na wasio na gari, wanaotaka kuziona siku zao mbili za mapumziko zikipita vizuri bila kukopa.

Kabla ya kuoga baharini, tazama mwezi

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji makuu na maji yaliyokupwa hapa Dar es Salaam hupita mita 3. Kwenye fukwe bapa kama zetu, hizo mita 3 za wima zinaweza kuwa mwendo mrefu wa kukanyaga mwani na miamba kabla maji hayajawafika magotini. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hushuka hadi karibu mita 1, na bahari haisogei sana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Siku za bamvua maji ya hapa hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Chukueni kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu. Jumamosi ikiangukia tarehe 1 au 2, ama 15 au 16, asubuhi si ya kuogelea. Jioni ndiyo yenu. Ikiangukia tarehe 8 au 22, geuzeni: maji yatakuwa yamejaa katikati ya asubuhi, na kufika alasiri yatakuwa yanashuka. Siku za katikati, ongezeni hizo dakika 50 kwa kila siku. Asiyependa hesabu atapata jedwali la maji kwenye simu, lakini mvuvi yeyote wa Msasani au Kunduchi atawaambia bure, na atafurahi kuulizwa.

Ukishajua hivyo, Coco Beach inabadilika kabisa. Watu hufika pale kungoja machweo, kisha wanashangaa jua likizama nyuma ya nyumba za Oysterbay. Coco inatazama mashariki. Jua halizami baharini pale, na halijawahi. Kinachofaa kungojwa Coco ni mwezi. Usiku wa mwezi mpevu, jua linapotua mgongoni, mwezi unachomoza mbele yenu kutoka majini, mkubwa na mwekundu kidogo, na maji yaliyojaa saa kumi bado hayajaenda mbali. Anayetaka kuliona jua likizama majini aende upande wa pili wa rasi ileile, kwenye ghuba ya Msasani, ambako ufuo unatazama magharibi. Hoteli na migahawa ya huko ni ghali kwa chakula, lakini soda mbili hazifilisi mtu, na machweo hayatozwi.

Kuhusu kuogelea Coco, niseme wazi: pana miamba, na maji yakijaa huwezi kuiona. Ogeleeni mchana, mahali penye watu, na mtoke giza likianza kuingia.

Kwa bahari safi zaidi kuna Mbudya na Bongoyo, visiwa ambavyo pamoja na eneo la bahari linalovizunguka ni hifadhi tangu mwaka 1975. Boti za Mbudya huondokea upande wa Kunduchi, za Bongoyo huondokea Msasani. Chukueni vitambulisho vya taifa, kwa kuwa kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni, na mlangoni hawasomi sura. Ulizeni mambo matatu kabla ya kulipa boti: bei ni ya kwenda na kurudi au ya kwenda tu, boti ya mwisho kurudi ni saa ngapi, na jaketi za kuokolea zipo ngapi. Boti isiyo na jaketi za kutosha ni ya kuachwa iende. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Septemba, bahari huchafuka mchana, kwa hiyo vukeni mapema. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali, wikendi hiyo ni ya nchi kavu.

Kisiwani, agizeni chakula mara tu mnapofika. Samaki wa kukaanga na chipsi vinapikwa kwenye jiko la kuni au mkaa kwa watu wengi, na aliyesubiri njaa impate ndipo aagize atakula saa kumi.

Asubuhi ya Feri

Matembezi mazuri kuliko yote ya Jumamosi, kwa maoni yangu, huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi penye harufu kali. Soko la samaki la Feri, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2002, lipo ukingoni mwa mdomo wa bandari, jirani na kivuko cha Magogoni. Boti zinaingia na samaki wa usiku. Samaki wanamwagwa juu ya meza ya saruji, dalali anapanda sauti, wanunuzi wanatupa bei kwa ishara za vidole na vichwa, na kabla hujaelewa nani kasema nini, fungu limeshauzwa. Simameni pembeni muangalie. Mnada ni wa wenye ndoo na matenga. Nyinyi wawili mnahitaji samaki wawili au watatu tu, na hao wanauzwa na kina mama na vijana waliotoka kununua mnadani.

Salamu kwanza, bei baadaye. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni, changu huyo wa leo."

"Huyu mkubwa ni shilingi ngapi?"

"Chukueni elfu kumi na tano."

"Mama, sisi wanao. Tuachie kumi, na kesho kutwa tunarudi."

Atacheka, atalalamika kwamba mafuta ya boti yamepanda, mtakutana katikati. Hiyo bei ni ya mfano tu. Bei ya samaki hubadilika kwa siku, kwa mwezi na kwa upepo. Usiku wa mbalamwezi, kwa mfano, wavuvi wa dagaa wanaotumia karabai na taa hupata kidogo kwa sababu samaki hawavutwi na taa mwezi ukiwaka, na asubuhi yake dagaa hupanda bei.

Mtazameni samaki kabla ya kumlipia. Jicho liwe limejaa na kung'aa. Likizama na kufanya ukungu, huyo ana siku zake. Funueni shavu: matamvua yawe mekundu, si ya kahawia. Bonyezeni ubavu kwa kidole, nyama irudi yenyewe. Harufu iwe ya bahari. Kama muuzaji hataki mumguse samaki wake, nendeni meza ya pili.

Mkishanunua, palepale wapo wanaopara magamba na kutoa matumbo kwa malipo madogo, na mbele kidogo kuna eneo la kukaangia, makarai makubwa ya mafuta juu ya moto wa kuni. Unakabidhi samaki wako, unasimama karibu uone ni yeye anayerudi, unampelekea mama lishe aongezee ugali, chumvi na ndimu. Saa mbili na nusu asubuhi mmekula kolekole au changu ambaye usiku alikuwa baharini. Vaeni viatu vya plastiki na nguo ambazo hamtazililia. Sakafu imelowa muda wote, na mpishano wa matoroli haumjali mtu aliyevaa nyeupe.

Hapo mna hiari mbili. Ya kwanza ni kupanda pantoni kwenda Kigamboni. Nauli ya mwenda kwa miguu imekaa kwenye shilingi 200 tangu ilipopandishwa mwaka 2012, na sidhani kama kuna safari ya baharini ya bei hiyo popote. Ni dakika chache tu, lakini mnauona mji kutoka majini, meli za mizigo zikipita karibu. Ng'ambo, bajaji zitawafikisha Mjimwema kwenye fukwe. Baadhi ya fukwe hizo hutoza kiingilio, na nyingine hukihesabu ndani ya chakula au kinywaji. Ulizeni getini, na ulizeni pia kama chakula cha nje kinaruhusiwa, maana nyingi zinakataa. Kurudi, anayechoshwa na foleni ya pantoni anaweza kupitia Daraja la Nyerere la Kurasini, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa mwaka 2016.

Tahadhari ya eneo lote hilo ni picha. Ikulu iko hatua chache kutoka Feri. Pigeni picha samaki, pigeni picha nyuso zenu. Msielekeze kamera kwenye Ikulu, walinzi, bandari au vyombo vya jeshi. Maelezo yake huchukua muda mrefu kuliko picha yenyewe.

Posta ni ya Jumapili

Hiari ya pili ni kutembea kwa miguu katikati ya mji, ila hii iwekeni Jumapili. Siku za kazi Posta ni jasho na honi. Jumapili asubuhi maduka mengi yamefungwa, barabara ni tupu, na majengo ambayo mmepita mbele yake mara elfu kwenye daladala yanaonekana kwa mara ya kwanza. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na Kanisa la Kilutheri la Azania Front yanatazama bandari; yote mawili ni ya zama za Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, na ibada zinaendelea humo, kwa hiyo ingieni kama waumini, si kama watalii. Kwenye makutano ya Barabara ya Samora na Azikiwe kuna Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Ulizaneni ni wangapi mnaowafahamu wanaojua hilo.

Kutoka hapo hadi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ni mwendo mfupi. Humo mtakuta habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 na magari ya viongozi wa zamani, likiwemo la Mwalimu. Nje, ng'ambo kidogo, ipo bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Ni ndogo siku hizi, lakini ina kivuli cha kweli, na kivuli ndicho kitu adimu mjini. Kijiji cha Makumbusho cha Kijitonyama, kilichofunguliwa mwaka 1967 na chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali, ni safari ya siku nyingine. Kinafaa zaidi alasiri, na siku za ngoma ulizeni kwanza.

Mchana shukeni Kisutu na Upanga, ambako Wahindi wa Dar es Salaam wamewafundisha watu wa mji huu kula kachori, bajia na sambusa ndogo zenye ngozi nyembamba kama karatasi. Juisi ya miwa ya gari la mtaani, iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu, inashinda soda yoyote. Ila tazameni kwanza: muwa uwe umeoshwa, na barafu muiache kama hamjui maji yake yametoka wapi.

Kula mtaani bila kujuta

Chakula cha jioni cha Dar hakihitaji meza yenye kitambaa. Mihogo ya Coco ni mfano wa kusomea. Ule wa kwanza kutoka karaini, jioni mapema, una ganda linalovunjika na ndani unga mtupu. Unapasuliwa katikati, unajazwa kachumbari, chumvi na pilipili ya kusaga. Ule wa saa nne usiku umekaangwa mara ya pili na unajulikana kwa rangi yake ya kahawia iliyokolea. Kaeni karibu na karai, chagueni unaotoka sasa hivi. Kanuni hiyohiyo inafaa kwa mishikaki na chipsi mayai: mle kinachopikwa mbele yenu, kikiwa cha moto. Msimu wa mvua na nyakati za mlipuko wa kipindupindu, kachumbari na matunda yaliyokatwa ni ya kuachwa hata kama roho inataka.

Pweza ni wa magharibi kwenda usiku. Meza ndogo, taa, pweza aliyechemshwa akikatwakatwa kwa kisu kidogo, unachoma kipande na kijiti, unachovya pilipili, kisha kikombe cha supu yake juu. Wauzaji watawapa maelezo ya faida za supu hiyo kwa wanandoa hata bila kuombwa. Urojo nao, wenye asili ya Unguja, siku hizi uko kila upande wa jiji. Kipimo cha urojo mzuri ni ukali wa embe au ndimu unaosikika kabla ya pilipili.

Kuhusu pesa nitasema kidogo. Kubalianeni kiasi kabla ya kufunga mlango, si mkiwa mbele ya mhudumu. Toeni noti ndogo, kwa sababu makato ya kutuma mara kumi kwa simu ni nauli ya kurudi. Ulizeni bei kabla ya kukaa, hasa penye samaki wanaouzwa kwa ukubwa na nyama inayouzwa kwa kilo, na muulize kama kilo ni mbichi au iliyochomwa. Na kijana anayekopa kwenye simu ili Jumamosi yake ionekane kubwa, mwenzake angependa zaidi muhogo wa kulipiwa taslimu. Nimesikia kina dada wakilisema hili waziwazi.

Bodaboda: kofia ngumu kwa kila mmoja, na msipande mshikaki. Simu iwe mfukoni mkiwa barabarani, isishikwe mkononi upande wa gari. Mwezi wa Ramadhani, tafuteni pa kula mchana kwa staha. Jioni yake, futari za mtaani zenye tambi, magimbi na uji wa pilipili manga ni sababu tosha ya kutoka.

Mkitaka kulala nje ya mji, au kurudi siku hiyohiyo

Bagamoyo iko kama kilomita 70 kaskazini, na magari yake yanapatikana kituo cha Makumbusho. Ondokeni kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, hayana kivuli cha kutosha saa sita. Msikiti wa Kaole unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Katikati ya makaburi lipo moja linaloitwa la wapendanao. Waongozaji husimulia kwamba ni mume na mke waliokufa maji pamoja. Waacheni wasimulie kwa namna yao, kila mmoja ana nyongeza yake. Mvae nguo za heshima, msikalie makaburi kwa ajili ya picha. Mjini Bagamoyo, Misheni ya Kikatoliki iliyoanza mwaka 1868 ina makumbusho yenye habari za biashara ya watumwa, na si mahali pa kupita haraka. Wekeni saa nzima, kisha mshuke ufukweni mkale ngisi.

Kwa wanaotaka milima, treni ya SGR imebadilisha mambo. Ilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni 2024, kwa nauli ya shilingi 13,000 daraja la kawaida, na inachukua kama saa mbili. Kwa basi, foleni ya kutokea Kimara peke yake ingeweza kula saa moja. Fikeni stesheni mapema, mkiwa na vitambulisho, maana kuna ukaguzi wa mizigo na treni haimngoji mtu. Stesheni ya Morogoro iko nje kidogo ya mji, hivyo wekeni akiba ya bajaji au daladala. Mkifika asubuhi, nendeni kwanza kwenye vijito vya chini ya Uluguru kabla ya mawingu kushuka, ambayo kule hupenda kushuka mchana. Sokoni mpite wakati wa kurudi, mchukue ndizi na viungo vya Waluguru kwa bei ambayo Kariakoo hamtaiona. Tiketi ya kurudi Jumapili jioni ikateni kabla ya ile ya kwenda. Za saa hizo ndizo zinazoisha kwanza.